Ukuta wa Mama Unakunywa Maji

Aliyekuwa nami wiki iliyopita anakumbuka nilipokomea. Kigae kilibanduka ukutani kikaangukia mto wa Mama, yeye akiwa ametoka tu kitandani kwenda msalani. Asiyekuwepo hajapitwa na mengi. Mume wangu alioa mwingine, akanipa nichague kukaa kimya au kukaa kwetu. Nikachagua kwetu. Nikarudi na cherehani yangu kwenye nyumba ya marehemu Baba, nikawa nashona mapazia ya watu na kumtunza Mama, ambaye kifua kinambana kwa sababu ukuta wa chumba chake haukauki.

Basi tuendelee, maana matusi niliyobaki nayo ni mengi kuliko nafasi ninayopewa hapa.

Nianze na kaka yangu. Mtaani wanamwita Mkurugenzi, na kitu pekee alichowahi kukiongoza ni maegesho ya magari nyuma ya soko. Lakini msalimie, atakuitikia kama anafungua kikao. Tumezaliwa wawili tu, yeye mkubwa, na tangu Baba afariki amejipa usemaji wa nyumba nzima. Haishi hapa. Anaishi mtaa wa pili na mkewe, kwenye nyumba iliyo kavu. Hapa kwetu amejenga vyumba vya kupangisha uani, na kila akija hupitia huko kwanza, ndipo amkumbuke aliyemzaa.

Ugonjwa wa ule ukuta hauna siri. Nyumba ni ya zamani, ya mawe na chokaa, na walioijenga hawakuweka kitu chochote kwenye msingi cha kuzuia maji ya ardhini yasipande. Ukuta unanyonya kama utambi wa taa. Kwanza chini panatoka unga mweupe wa chumvi. Halafu rangi inavimba. Halafu plasta inadondoka kidogo kidogo, na chumba kinanuka kama nguo zilizosahauliwa kwenye beseni.

Kuta zote za nyumba hii zina unyevu kidogo, kama wazee wote walivyo na magoti. Ule wa Mama ulikuwa umepita kiasi.

Mkurugenzi aliutibu kwa akili zake. Kwanza akaupaka rangi ya mafuta, ikatoa malengelenge. Akapiga plasta ya simenti juu yake, unyevu ukapanda mpaka kiunoni. Akabandika vigae vyeupe mpaka usawa wa dirisha, kama tuko buchani, akaita na majirani waje kuona. Unyevu ukatokeza juu ya vigae. Maji ukiyafungia mlango yanatafuta ngazi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakumjua kaka yangu. Yeye akishaziba ufa, ndipo ukuta unaanza kuanguka.

Kigae kilipoanguka nilimpigia simu. Hakuuliza kama Mama ameumia. Aliuliza kama kigae kimevunjika.

Alikuja kesho yake na mkewe, na mtu wa tatu.

Mkewe mnamjua. Ni wifi yangu, yule ninayemwita Kioo, kwa kuwa sijawahi kumwona akipita mbele ya kitu kinachong'aa bila kusimama. Siku hiyo alijitazama kwenye vigae vya Mama, akarekebisha mtandio, kisha akaenda kusimama mlangoni na kitambaa puani. Alimwamkia Mama kwa mbali, kama anayehofia kuambukizwa uzee. Kucha zake zilikuwa nyekundu na ndefu, za mtu ambaye sufuria anaiona kwenye picha.

Mtu wa tatu alitambulishwa kwetu kama Mtaalamu wa Kuta. Alivaa viatu vyeupe. Mtu anayekuja kutibu unyevu na viatu vyeupe ameshakuambia kwamba hana mpango wa kuukaribia.

Alikuwa na kidude chenye sindano mbili. Akikigusisha ukutani, kinalia. Akagusa hapa, kikalia. Akagusa pale, kikalia. Kaka yangu akawa anatikisa kichwa kwa huzuni kila kinapolia, kama anasomewa majina ya waliokufa. Nikamwomba Mtaalamu aguse godoro. Kikalia. Nikamwomba aguse shingo yake mwenyewe, maana jasho lilikuwa linamchuruzika. Hapo akakirudisha mfukoni.

Alichosema ni kwamba atatoboa matundu mstari mmoja chini ya ukuta, asukumie dawa ndani. Dawa itaganda na kuwa kizuizi, na maji hayatapanda tena. Sisemi dawa hiyo ni uongo. Nasikia kwingine imesaidia. Lakini hata mganga wa uchochoroni humwuliza mgonjwa anaumwa wapi kabla ya kumdunga, na huyu hakuuliza chochote.

Mimi ndiye niliyeuliza. Nilitaka kujua kwa nini ukuta huu tu ndio unaozama, na wa chumbani kwangu, wa mawe yale yale, una doa dogo tu la chini. Mtaalamu akanieleza kwa maneno marefu mpaka nikasahau swali langu. Mkurugenzi akaniambia niwaache watu wafanye kazi.

Wakatoboa. Nilimhamishia Mama chumbani kwangu kwa muda, akakohoa kwa lile vumbi mpaka machozi yakamtoka. Kioo alikuwa amesimama ukumbini, ameegemea dirisha la uani, anatazama nje. Hakutusaidia hata kubeba mto. Niliingia na kutoka mara nyingi nikiwa na ndoo na matambara, na kila nikipita nilimpa jicho ambalo mtu mwenye haya angelielewa. Hakulielewa, au hakutaka.

Dawa ikaingia. Tukaambiwa ukuta uachwe upumzike.

Ukapumzika kweli. Maji ndiyo hayakupumzika. Mpaka mwezi unaisha, safu yote ya chini ya vigae ilikuwa imelegea kama meno ya mbwa mzee, na chini ya godoro la Mama palikuwa pameota kuvu nyeusi ambayo nilikuwa naisugua asubuhi na jioni na bado naikuta pale pale.

Nikampeleka kliniki. Daktari, mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi, alimsikiliza kifua mgongoni na mbele, kisha akatuambia tuchague kati ya chumba kile na kifua kile. Mama akamjibu kwa adabu zote kwamba chumba kile ndimo alimozalia watoto wake na ndimo alimomfumba mumewe macho, kwa hiyo kifua kitavumilia.

Nikamweleza kaka yangu maneno ya daktari. Akasema tumwekee Mama feni. Nikamwambia feni haifukuzi maji. Ndipo akatoa la moyoni. Nyumba imekufa, akasema, hata Mtaalamu kaona. Mama ahamie kwake, hapa pauzwe, mambo yaishe.

Nikamwuliza, na mimi?

"Wewe una cherehani," akasema.

Nilicheka. Sikuwa na furaha, ila mtu akikuambia cherehani ni nyumba, utafanya nini? Nilimtazama huyu mtu niliyekuwa nikimfunga kamba za viatu ingawa yeye ndiye mkubwa, nikaona kumbe hata siku hiyo bado hajajifunza kujifunga.

Siku ile ile nikachukua patasi na nyundo, nikaanza kubandua vigae vyake. Havikunisumbua. Vilikuwa vinasubiri tu mtu wa kuviambia vishuke. Nyuma yake plasta ilikuwa nyeusi, laini kama uji ulioshika, na ikatoa harufu.

Nikasimama na nyundo mkononi. Harufu ya udongo uliolowa naijua. Hii haikuwa hiyo. Hii ilikuwa harufu ya sabuni. Tena sabuni ya kuogea.

Maji ya ardhini hayaogi.

Nikatoka nje, nikazunguka nyuma ya nyumba. Ulikuwa msimu wa kiangazi, uani pote pamepasuka nyufa za kuingiza kidole. Lakini chini ya ukuta wa Mama nyasi zilikuwa zimestawi, kijani kibichi, kama mtu anazimwagilia. Hatua chache kutoka pale ndipo bafu la wapangaji wa kaka yangu.

Nilikuwa nimepita pale kila siku kuanika nguo. Nikajisonya mwenyewe. Dharau yangu haibagui, nami nilistahili fungu langu.

Nikamtafuta mchimbaji. Huyu wanamwita Domo, na jina wamemwonea huruma. Alichimba huku anaongea. Alinieleza habari za wake zake, za mkwe wake, za mbunge aliyewahi kumpa mkono. Nilimtaka achimbe mtaro mwembamba kando ya msingi. Alipofika usawa wa magoti akanyamaza, nami nikajua amekuta jambo.

Lilikuwa bomba. Lilitoka bafuni kwa wapangaji, likaja moja kwa moja mpaka chini ya ukuta wa Mama, likaishia hapo, mdomo wazi, limeelekea msingi. Tulipokuwa tunalitazama kuna mpangaji alikuwa anaoga. Povu likatoka, likaingia ukutani kama linakwenda kwao.

Lile shimo la maji machafu ambalo Mkurugenzi alituonyesha alipomaliza kujenga, lililojaa kokoto na kufunikwa mfuniko wa zege, lilikuwa upande wa pili wa ua. Tukafunua mfuniko. Pakavu. Mjusi alikuwa ndani anatutazama kama tumemwamsha.

"Hili bomba halijakatika, mama," Domo akasema. "Hili halijawahi kufika."

Nikampigia kaka yangu. Kwanza alisema sikupaswa kuchimba bila ruhusa yake. Halafu akasema ni makosa ya fundi bomba. Halafu akasema maji ya kuoga si mengi. Nilimwacha amalize yote matatu, kisha nikamwambia nampigia Baba Mdogo.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Mkurugenzi akakosa ajenda.

Baba Mdogo ni mdogo wake marehemu Baba, na katika ukoo wetu akishasema limesemwa. Hapendi simu, hapendi kusuluhisha, na hapendi kusadiki asichokiona. Nikamweleza kwa kifupi, nikamwomba aje atazame kwa macho yake kabla mtu hajaizungumzia tena habari ya kuuza nyumba. Akaniambia atakuja Jumapili.

Mtaro nikauacha wazi, nikaufunika kwa bati.

Alasiri moja kabla ya Jumapili hiyo nilikuwa namkata Mama kucha za miguu, sisi wawili, kibarazani. Akaniambia bila kunitazama, "Lizibe, mwanangu. Lizibe kimya kimya, tumalizane."

Nikasimamisha mkasi. Sikuwa nimemwambia habari ya bomba. Nilikuwa nimemwambia tu kwamba tunachimba.

"Ulijua?"

"Nilisikia maji," akasema. "Kila wakioga nayasikia. Nilimwambia kaka yako zamani. Akasema atarekebisha."

"Na hukuniambia mimi?"

"Wewe una mdomo." Akavuta pumzi, ikapiga filimbi kifuani kama kawaida yake. "Mwanaume akiaibishwa mbele ya wazee wake hainuki tena. Namjua mwanangu."

Nikamwuliza, na kifua chako?

"Kifua ni changu," akasema.

Hapa sina budi kuwaambia jambo ambalo mtoto hapaswi kulisema kuhusu mzazi wake. Nilimdharau Mama. Nilimaliza kumkata kucha, nikampaka mafuta, nikamvalisha soksi, na muda wote huo nilikuwa namdharau. Nilikuwa naamka nyakati zote za usiku kumwinua, kumkanda mgongo, kumfulia mashuka yenye kuvu, na yeye alikuwa analala huku anausikiliza ugonjwa wake ukimiminika, ananyamaza ili mwanawe asione haya. Nikajiuliza kama ningekuwa mimi ndiye niliyeelekeza bomba, angeninyamazia kwa muda gani. Jibu nililijua.

Nikamwambia Baba Mdogo atakuja, na ataona.

Jumapili asubuhi Mama akabanwa. Midomo ikabadilika rangi. Nikakodi gari nikamkimbiza kliniki, wakamvisha kile kibakuli cha puani cha kuvuta mvuke wa dawa, tukakaa mpaka pumzi ikatulia. Daktari hakurudia ushauri wake. Alikuwa ameshasema.

Tuliporudi nyumbani, bati halikuwepo.

Mtaro haukuwepo pia. Ulikuwa umefukiwa, umeshindiliwa, na juu yake wamemwaga simenti mbichi kando ya ukuta wote, nzuri, imenyooshwa kwa mwiko. Domo alikuwa amekaa getini na koleo lake, anakula karanga. Aliponiona akageukia barabarani, na hakuwa na neno hata moja.

Kibarazani walikaa Mkurugenzi na Baba Mdogo. Baba Mdogo alikuwa ameletwa mapema, kwa gari la kaka yangu. Kioo alikuwa amesimama nyuma yao na sinia la vikombe, mtandio umemfunika mpaka mikononi.

Nikamkaribisha Baba Mdogo na kumwamkia. Akaniitikia vibaya. Nikajua hadithi imeshasimuliwa bila mimi.

Kaka yangu alinisimulia tena, kwa sauti ya kikao. Kwamba mimi, kwa uchungu wa kusikia nyumba itauzwa, nilikwenda nyuma nikachimba nikalikata bomba lake, maji yaelekee ukutani, ukuta uanguke, lawama zimwangukie yeye. Kwamba yeye, mara tu alipogundua, amekuja asubuhi hii hii kuliunga, kwa ajili ya afya ya Mama. Akainama, akatoa chini ya kiti kipande cha bomba, akamkabidhi Baba Mdogo. Mwisho wake ulikuwa na alama za msumeno, mbichi kabisa.

Nilisema aitwe Domo.

Domo akaja mpaka kwenye ngazi, akavua kofia. Baba Mdogo akamwuliza alikuta nini pale chini. Domo akasema yeye aliitwa kuchimba akachimba, akaitwa kufukia akafukia, ya katikati hayajui. Alinipita akirudi getini, na nilimnusa simenti. Nimewahi kuona makombo yenye heshima kuliko yule mtu.

Nikasema, basi tuvunje hiyo simenti sasa hivi. Kaka yangu akasema tutalikata bomba mara ya pili, ndivyo ninavyotaka.

Baba Mdogo akainua mkono. Akamgeukia Mama. Nilikuwa bado nimemshika kwapani, hajakaa, maana katika ugomvi ule hakuna aliyemsogezea kiti mgonjwa.

"Shemeji," akamwambia, "wewe dirisha lako linatazama kule. Sema ulichokiona, nami nitalishika hilo."

Mama akanitazama. Akamtazama kaka yangu, ambaye alikuwa anatazama ncha za viatu vyake. Nikausikia mkono wake ukiwa mzito mkononi mwangu.

"Ni huyu," Mama akasema. "Nilimwona akikata."

Sikumwachia. Nataka mlijue hilo, nyinyi mnaoniandikia kila wiki kwamba nina moyo mchungu. Nilimpeleka taratibu mpaka kwenye kiti chake, nikamkalisha, nikamwekea mto mgongoni, ndipo nikanyooka. Sikulia. Nilijisikia mkavu, mkavu kuliko kitu chochote katika nyumba ile.

Baba Mdogo akakiweka kile kipande cha bomba mapajani. Kisha akatoa uamuzi wake bila kuninyooshea kidole, na hilo ndilo lililoniuma, kwamba alisema kwa upole. Nitafute mahali pengine mwezi huu usije ukaisha nikiwa hapa. Mama aende kwa mwanawe wa kiume akatunzwe. Nyumba iuzwe.

Kaka yangu akaitikia kwamba amesikia, kama vile ni yeye aliyepewa adhabu.

Hapo Kioo akaliweka sinia chini.

"Baba Mdogo, huyu hakukata bomba," akasema. "Nimelikata mimi, asubuhi ya leo."

Alisema polepole, kama anayesoma maandishi madogo. Mumewe akageuka, akamwita jina lake, mara moja tu. Kioo hakuacha.

"Alilishika, mimi nikakata. Msumeno ulimshinda." Akautoa mtandio mikononi, akageuza viganja. Vilikuwa vimechubuka mpaka nyama nyekundu, na kucha zile zilikuwa zimevunjika zote, simenti imeganda chini yake. "Kabla ya hapo lilikuwa halijafika popote. Alitaka lionekane lilikuwa limefika."

Baba Mdogo akamwuliza kwa nini alikubali kukata, na kwa nini sasa anasema.

Alijibu kwamba alikubali kwa sababu ni mumewe. Alikuwa amemwambia habari ya bomba lile tangu linalazwa, akaambiwa aangalie ya jikoni. Akadhani wakishalitoa pale ukutani leo, kwa vyovyote vile, angalau ukuta utakauka, na nani atajali tena ya nyuma. Kisha akamgeukia Mama.

"Mama, ukija kwangu mimi ndiye nitakayekuogesha," akasema. "Sitaweza kukuogesha huku najua, na wewe unajua kwamba najua."

Nilikuwa nimemwandika mwanamke huyu hapa wiki baada ya wiki, mtandio wake, kioo chake, kitambaa chake puani. Mmemcheka kwa sababu yangu. Nilikuwa sijui hata sauti yake ikisema kweli inakuwaje.

Mkurugenzi akasimama. Hakupiga kelele. Akafunga kifungo cha koti na kumwambia mkewe, "Usirudi kwangu. Hata nguo usizifuate."

Baba Mdogo akamwamuru akae. Kwa mara ya kwanza nikaona mtu wa ukoo wetu anaambiwa kaa na Baba Mdogo asikae. Akashuka ngazi, akaingia kwenye gari, akaondoka na kumwacha mzee aliyemleta.

Baba Mdogo akabaki na kile kipande cha bomba mapajani. Alionekana amechoka ghafla. Akasema amri yake ya kwanza isimame, mpaka simenti ivunjwe aone mwenyewe, na akamwita Domo aje na sururu. Domo akaja mbio. Huyo atavunja hata kaburi la mama yake, mradi aitwe.

Wakaenda nyuma. Tukabaki wanawake watatu.

Kioo alikuwa bado amesimama pale pale, amekunja viganja vyake kwa ndani. Hana kwao. Wazazi walishafariki, na kaka zake walikwisha kugawana nyumba bila kumhesabu. Mimi hayo nilikuwa nayajua, na nilikuwa nimewahi kuyafanyia mzaha.

"Wifi," akaniambia, "naomba pa kulala."

Nikafungua mdomo kumjibu. Mama akanitangulia. Alikuwa ameinuka kwenye kiti mwenyewe, bila mkono wa mtu, ameshika nguzo ya kibaraza, na pumzi inapiga filimbi.

"Amemvua mwanangu nguo mbele ya mzee wake," akasema. "Huyu akiingia humu, mimi natoka. Na nikitoka sirudi, hata mje na jeneza."

Kutoka nyuma ya nyumba nikasikia sururu ya kwanza ikitua. Nilikuwa nimesimama kizingitini, mlango uko nyuma yangu. Mmoja hawezi kuingia na mwingine hawezi kupita kuchukua dawa zake mpaka mimi nisogee, na wote wawili walikuwa wananitazama miguu.